UZI: Wanaume weusi mashoga wa Marekani walivyokingana na VVU wenyewe kwa wenyewe

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za leo. Kwenye mjadala uliopita kuhusu UKIMWI kuna mchangiaji aliandika kwamba wanaume weusi mashoga wa Marekani wanaisha "kwa tabia zao wenyewe", na watu wakamuunga mkono. Mimi nipo kusini mwa Marekani, nafanya kazi kwenye kliniki ya watu wenye VVU, na hao wanaume anaowasema ndio ninaokutana nao kila siku. Kauli ile si kweli. Tena kauli hiyohiyo ndiyo iliyowachelewesha kupata huduma kwa miaka arobaini, ndiyo maana nimeshindwa kuipita kimya. Mnivumilie, uzi ni mrefu, nitauweka kwa vipande.

Tuanze na namba iliyotisha wengi. Februari 2016 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitangaza kwamba hali ikiendelea vile ilivyo, mwanamume mweusi mmoja kati ya wawili wanaofanya mapenzi na wanaume ataambukizwa VVU maishani mwake. Kwa wazungu wenzao ilikuwa mmoja kati ya 11. Ukiisoma haraka utasema hawa watu hawajali. Ila swali hilo lilikuwa limeshachunguzwa zamani. Mwaka 2007 Gregorio Millett na wenzake walikusanya tafiti nyingi za nyuma na kuzichambua kwa pamoja, wakarudia tena kazi ya namna hiyo kwenye jarida la Lancet mwaka 2012. Walichokuta ni kwamba wanaume weusi hawakuwa wazembe wa kondomu kuliko wazungu, hawakuwa na wapenzi wengi zaidi, wala hawakuzidi kwa dawa za kulevya.

Sasa maambukizi yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mzunguko wa watu. Wapenzi wao kwa kawaida ni weusi wenzao, kundi ni dogo, na ndani ya kundi hilo virusi tayari ni vingi kwa sababu wengi hawajapimwa, na waliopimwa wengi hawana bima ya kuwafikisha kwenye ARV. Kijana mwenye mpenzi mmoja tu ndani ya mzunguko ule anaweza kuwa hatarini kuliko mzungu mwenye wapenzi watano nje yake. Kuna utafiti uliitwa HPTN 061, uliandikisha wanaume weusi 1,553 kwenye miji sita kuanzia 2009. Kila mwaka watu 3 katika 100 waliambukizwa. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 30 ilikaribia 6 katika 100. Hao walikuwa watu wanaofuatiliwa, wanaopewa kondomu na ushauri nasaha.

Nataka hilo likae vizuri kichwani kabla sijaendelea, kwa sababu uzi wote unasimama juu yake. Kama tatizo ni mzunguko, basi anayeweza kuuingia ni mtu aliye ndani yake. Na akiingia hatakiwi kuwa tarishi wa kupeleka vipeperushi vya watu wengine. Anatakiwa awe ndiye anayepanga kazi na kushika bajeti.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Historia kidogo. Tarehe 5 Juni 1981 CDC ilichapisha ripoti ya wanaume watano wa Los Angeles waliougua nimonia isiyo ya kawaida, na dunia ikahesabu mwanzo wa UKIMWI kuanzia hapo. Wote watano walikuwa wazungu. Daktari aliyewaona, Michael Gottlieb, alikuja kueleza kwamba wagonjwa wawili waliofuata, wa sita na wa saba, walikuwa weusi, mmoja wao shoga Mmarekani mweusi. Hawakuwemo kwenye ripoti. Picha ya "ugonjwa wa mashoga wa kizungu" ikaganda hivyo, na mwanamume mweusi akaambiwa na magazeti kwamba jambo hili halimhusu, huku marafiki zake wakizikwa.

Wakaanza wenyewe. Washington kulikuwa na klabu ya usiku ikiitwa ClubHouse, mahali walipojaa weusi wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 1985 kikaanza kikundi cha kusaidiana miongoni mwa watu wa pale waliokuwa na virusi, kikaitwa Us Helping Us, na mpaka leo kipo. Mwaka huohuo Los Angeles, Carl Bean, mhubiri mweusi aliyekuwa shoga waziwazi, akaanzisha Minority AIDS Project. Philadelphia, muuguzi Mwislamu aitwaye Rashidah Hassan alichoka kukaa kwenye bodi ya shirika lisilowaona weusi, akaondoka na kuanzisha BEBASHI, naye 1985. New York wakafuata na GMAD, kikundi cha mashoga weusi, mwaka 1986. Tazameni miaka hiyo. Hapakuwa na dawa hata moja: AZT iliidhinishwa 1987. Walichokuwa nacho ni kondomu, chakula cha mgonjwa, na mtu wa kukaa naye usiku.

Serikali nayo ikaweka kigingi. Oktoba 1987 Seneti ilipiga kura 94 kwa 2 kuzuia fedha za CDC zisitumike kwenye elimu ya UKIMWI itakayoonekana "kuhamasisha" ushoga. Mtu unatakiwa umweleze mwanamume anayelala na mwanamume namna ya kujikinga, na wakati huohuo usimtaje. Nani angeifanya kazi hiyo kwa ukweli kama si wenzao, wakizungumza sebuleni na kwenye klabu? San Francisco alikuwepo Reggie Williams, mwenyewe akiishi na VVU, aliyeongoza chombo cha kitaifa cha mashoga weusi na wenzao kikiitwa National Task Force on AIDS Prevention. Alifariki 1999. Ni wachache wanaolijua jina lake hata huku, na hilo linaniuma.

ClubHouse ilifungwa 1990. Kila mwaka, wikendi ya mwisho ya Mei, pale palikuwa na sherehe kubwa. Watu hawakutaka wikendi hiyo ife, ndipo tarehe 25 Mei 1991 wakakusanyika uwanja wa Banneker, kama watu 800, kuchangia mashirika ya UKIMWI ya watu weusi. Ndiyo asili ya DC Black Pride, tamasha la kila mwaka la mashoga weusi wa Washington. Wengi wanaoiona leo wanadhani ni muziki na mavazi tu. Ilianza kama harambee ya wagonjwa.

#3 Mleta uzi (inaendelea)

Sasa njia yenyewe, ya mtu kuelimishwa na wenzake (ndio tunaowaita waelimisha rika), inafanyaje kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanasaikolojia Jeffrey Kelly na timu yake walikwenda Biloxi, Mississippi, mji mdogo wenye klabu za mashoga. Hawakuanza na hotuba. Waliwaendea wahudumu wa kaunta, wale wanaomimina vinywaji, wakawaomba wakae waangalie kwa siku kadhaa: nani akiingia anasalimiwa na kila mtu? Nani watu humwendea kumweleza shida zao? Majina yaliyojirudia ndiyo yaliyoitwa. Wakafundishwa kwa wiki chache namna ya kuleta mazungumzo ya kinga bila kumkaripia mtu: useme wewe mwenyewe unafanya nini, useme ulipokwama ulitokaje, umwache mwenzako aulize. Kuna kitu kidogo nakipenda sana. Ukutani mle klabuni walibandika mabango ya taa za barabarani, nyekundu, njano na kijani, bila maelezo. Wale watu maarufu wakavaa beji yenye taa hizohizo. Mtu akiona beji anauliza, "Hiyo ni nini?" Mazungumzo yameanza, na aliyeyaanzisha ni muulizaji. Miezi michache baadaye ngono bila kondomu ilikuwa imepungua pale kuliko kwenye miji ya kulinganisha.

Kasoro ni kwamba wanaume wale wengi walikuwa wazungu. Ndipo wataalamu na vikundi vya North Carolina wakaitengeneza upya kwa ajili ya weusi, wakaiita d-up, matokeo yakachapishwa 2008. Waliongeza mambo ambayo mzungu wa Biloxi hakuwa na haja nayo: kubaguliwa kazini, kanisa linalokuimbisha kwaya Jumapili na kukulaani Jumatatu, familia inayojua na haitaki kusikia. Mwaka mmoja baadaye ngono zisizo na kinga zilikuwa zimepungua kwa kiasi kikubwa. Kuna na programu nyingine ya vikao saba, Many Men, Many Voices, iliyotungwa na wanaume weusi wenyewe wa jimbo la New York na kupimwa pamoja na kikundi cha People of Color in Crisis. Ile ukikaa ndani, kikao cha kwanza hakigusi virusi. Kinaanza na maisha ya mwanamume mweusi shoga: ametoka wapi, amebebeshwa nini. Wafadhili wengine hukiona kama kupoteza muda. Mimi nadhani bila kikao hicho vingine sita vinaongea na ukuta.

Nisiwafiche upande wa pili. Njia hii imeshindwa pia. London miaka ya 1990 walijaribu kuwatumia waelimisha rika kwenye majimu ya mashoga na haikubadilisha kitu: wengi waliotafutwa hawakuendelea, na mtu aliyeshika vyuma hataki kuzungumzia kondomu. Jaribio kubwa la nchi tano, Zimbabwe ikiwemo, matokeo yake yalitoka 2010 na halikuonyesha tofauti na sehemu za kulinganisha. Kwa hiyo anayewaambia "tafuta vijana kumi, wape fulana, wapeleke mtaani" hajaelewa. Kule ilikofanikiwa, mahali palichaguliwa na wenyewe, watu walichaguliwa na wenzao, na mazungumzo yalikuwa ya kwao.

Nimemaliza sehemu yangu. Karibuni.

#4

Mkuu nimesoma yote, asante. Ila niwe mkweli, naona kama unapamba. Hawa watu wakiacha wanachokifanya, ugonjwa unakwisha. Dini zetu zote zimekataza. Kuwapa kondomu si kuwaruhusu?

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu, imani yako naiheshimu na sitakuomba uiache. Ila muuguzi niliyemtaja, Rashidah Hassan, ni Mwislamu, na alisimama akaanza kazi akiwa Mwislamu. Carl Bean alikuwa mhubiri. Waliona watu wanakufa.

Na hilo la "wakiacha" limejaribiwa. Sheria ya 1987 ilikuwa ndiyo hiyo: tusiwataje, wataacha. Hawakuacha. Walichoacha ni kwenda hospitali. Tena kwa mtu mweusi wa Marekani hofu ya hospitali ina sababu nyingine, Tuskegee, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana. Bibi yake alimsimulia. Ukimwambia "serikali inakupa kidonge cha kujikinga", anafikiria hilo kwanza.

#6

Swali la dada mmoja hapa. Wale wenye wake nyumbani na wanaume pembeni je? Nimesikia ndio wanaowaua wanawake weusi kule Marekani.

#7 Mleta uzi

Dada, umeuliza jambo lililoleta madhara makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 televisheni za Marekani zilijaa habari hizo, mpaka kila mume mweusi akawa mshukiwa. Mwaka 2005 Millett na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo. Wanaume weusi wasiojitangaza, kwa wastani, walikuwa na ngono hatarishi chache na wanaume wenzao kuliko waliojitangaza, na uwezekano wa kuwa na VVU ulikuwa mdogo zaidi. Sisemi hakuna mke aliyeambukizwa hivyo, wapo. Nasema kelele zile ziliwafanya wanaume wanaopenda jinsia zote wajifiche zaidi, wakaikimbia kliniki, na wake zao hawakupata faida yoyote.

Hawa ndio wagumu kuwafikia. Haingii klabu ya mashoga, haji kwenye Pride. Anayemfikia ni mmoja kama yeye, ambaye pia ana watoto, anayejua kwamba hawezi kupigiwa simu saa tatu usiku.

Niwasimulie kisa kimoja bila kumtambulisha mtu. Kijana alikuja kwetu akapimwa, hana virusi, akataka PrEP, yaani dawa kinga. Akaandikiwa. Mwezi ukapita, hajachukua. Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana mwamko. Mwelimisha rika wetu, ambaye naye ni mweusi na shoga, akamtafuta, wakakaa kwenye gari nje ya duka la dawa. Kumbe dada wa dirishani anasali naye kanisa moja, na jina la dawa linasomwa kwa sauti kabla ya kukabidhiwa. Palepale kwenye gari wakajaza fomu kwa simu, dawa ziletwe kwa posta kwenye bahasha isiyo na maandishi. Akamfundisha pia kuhamishia vidonge kwenye kopo la vitamini, kwa sababu anaishi na mama yake. Hakuna mafunzo ya udaktari yanayokufundisha kuuliza nani anakaa dirishani.

#8

Salaam alaikum. Mimi ni muuguzi huku Pwani ya Kenya. Mleta uzi, ahsante kwa kuandika kwa heshima.

Haya unayoyasema twayajua. Huku waelimishaji rika ndio waliokuwa wakituletea watu, kwa miguu yao, wakijua hatari yenyewe. Mwaka 2010 umati uliivamia kliniki ya utafiti kule Mtwapa kwa uvumi tu, wahudumu na wateja wakaokolewa na polisi. Baadaye kazi iliendelea, na ni hao vijana waliorudisha imani ya watu pole pole. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, vituo vya hao vijana ndivyo vilivyofungwa mwanzo. Na waliporuhusu tena baadhi ya huduma mwezi wa Februari, PrEP ya PEPFAR, mpango wa Marekani wa kusaidia nchi nyingine dhidi ya UKIMWI, ikabakishwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Mteja niliyekuwa nikimpa dawa mwaka mzima nimwambie nini? Naomba mtu ajibu, kwa sababu mimi sikuwa na jibu.

#9 Mleta uzi

Dada, shikamoo kwa kazi yako. Jibu la kukutosha sina. Nikwambie tu kwamba panga hilohilo limepita na huku. Aprili 2025 vitengo kadhaa vya kinga ya VVU ndani ya CDC vilivunjwa, na fedha za vikundi vidogo vya weusi kwa sehemu kubwa zilikuwa zinapitia humo. Vikundi vilivyobaki hai Mississippi na Georgia ni vile vyenye watu wanaojitolea tangu zamani.

Atlanta kuna kundi linaitwa THRIVE SS, lilianzishwa 2015 na wanaume weusi mashoga watatu wanaoishi na VVU. Walianza na kundi la Facebook. Mtu akipata majibu ya kipimo usiku, anaandika, na anajibiwa na watu waliopita hapo. Pale ndipo wengi wanapoelewa kwa mara ya kwanza kwamba mwenye VVU akimeza ARV mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mpenzi wake kwa ngono. Utafiti wa PARTNER2, wa mwaka 2019, ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume, mmoja ana virusi mwingine hana, wakifanya ngono bila kondomu. Maambukizi kutoka kwa mwenza aliyedhibiti virusi yalikuwa sifuri. Nimewahi kulisema hilo kwa mgonjwa akaniangalia tu. Akaambiwa na mwenzake mwenye miaka kumi kwenye dawa, akalia.

#10

Mkuu, sasa hivi kuna sindano ya lenacapavir, mara mbili kwa mwaka. Ikishasambaa, hawa waelimisha rika wana kazi gani tena? Si mtu anachoma anaondoka?

#11 Mleta uzi

Sindano ni nzuri sana. Marekani iliidhinisha Juni 2025, na kwenye majaribio ya wanaume mashoga ilipunguza maambukizi kwa asilimia 96. Naisubiri kwa hamu iwafikie wote.

Ila tuliyasema haya kuhusu kidonge. PrEP ya kidonge iliidhinishwa Julai 2012. Miaka kumi baadaye, 2022, weusi walikuwa asilimia 14 tu ya wanaotumia PrEP Marekani, ilhali kati ya waliogunduliwa upya kuwa na VVU mwaka wa nyuma yake walikuwa asilimia 42. Dawa ilikuwepo dukani muda wote huo. Na bei ya sindano huku ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, wakati kwa nchi za kipato cha chini kuna makubaliano ya dola 40 kuanzia 2027. Kijana wa Jackson, Mississippi, asiye na bima, kwenye jimbo lililokataa kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, atachomwa na nani?

Ngoja nikupe mfano wa kazi iliyobaki. Utafiti wa HPTN 073, ulioongozwa na watafiti weusi akiwemo Darrell Wheeler, uliwapata wanaume weusi 226 wa Washington, Los Angeles na Chapel Hill. Hawakulazimishwa PrEP. Unaweza kukataa na ukabaki ndani ya utafiti. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumsaidia, na mtu huyo anaanza kwa kuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini kwanza?" Akisema kodi ya nyumba, wanaanza na kodi ya nyumba. Asilimia 79 waliichukua dawa. Wanaoandikwa kwenye mafaili yetu kwamba hawana mwamko ni watu kama haohao.

Sindano ya pili ni baada ya miezi sita. Ndani ya miezi hiyo mtu amebadilisha namba, amefukuzwa kwao, amehamia kwa rafiki. Anayejua yuko wapi ni mwelimisha rika. Na wengi wao wanalipwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, bila bima ya afya, wengine wanapewa kadi ya zawadi ya supamaketi badala ya mshahara. Anayemtafutia mwenzake bima hana bima. Kama kuna mtu humu anaandika miradi, popote alipo, aanze na mstari huo wa bajeti.

Walioniuliza kwa ujumbe binafsi kuhusu mafunzo ya HPTN 073, nitayaandikia uzi wake wikendi hii, na yule muuguzi wa Pwani nitamtafuta leo.